Mtoto wa Chumba Namba Nne

Nilifungua mlango wa ofisi ya Mkuu wa Shule bila kubisha. Blauzi yangu ya sare ilikuwa imelowa maziwa kifuani, pande zote mbili, na sikujali nani anaona. Mkuu aliona. Akayashusha macho mezani kama mtu mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonizidishia hasira.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Keti kwanza, Tekla. Taratibu."

Mji mzima wa Kilosa ulimwita Bwana Taratibu kwa sababu ya neno hilo. Alikuwa mzungu kutoka nchi za baridi, mrefu, na Kiswahili chake cha kusomea kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu.

"Sikai. Mwanangu yuko wapi?"

"Amekwenda kwa familia yake. Bibi yake mzaa baba alikuja asubuhi kumchukua. Mama mzuri sana, alifurahi mpaka akalia. Sasa utasoma kwa utulivu mpaka mtihani wa taifa, halafu—"

"Nani alikwambia ile ni familia yake?"

Mkuu akamtazama karani wake. Karani alikuwa mtu wa mikoa ya kaskazini, mpole, hana neno na mtu. Akasema kwa mshangao wa kweli kabisa, "Lakini dada, si ndio wenye mtoto?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, na ulikatika kama kamba ya mkonge, kwa kishindo. Nilitoka nje mpaka mbele ya bwalo, palipokuwa pamening'inizwa kipande cha reli ndiyo kengele yetu. Ukikigonga polepole, ni darasa. Ukikigonga mfululizo bila kupumua, ni moto, maana pembeni yetu kulikuwa na maghala ya mkonge, na mkonge ukishika moto haumsubiri mtu. Nikaokota nondo yake nikagonga mfululizo. Wakatoka wote: wanafunzi wa nchi kumi na ngapi sijui, walimu wenye chaki mikononi, wapishi, na ndoo za mchanga kama tulivyofundishwa. Nomsa, aliyekuwa analala kitanda cha jirani na changu, alifika wa kwanza, ndoo mkononi. "Moto uko wapi?" akauliza. Nikamwambia, "Uko ofisini."

Haya nayaandika Mikumi, mtoto wangu wa pili akiwa amelala mgongoni, na nayaandika kwa sababu ya Birgit. Birgit ndiye aliyekuwa wa tatu katika chumba chetu. Alikuja kiangazi kilichopita pamoja na mume wake kutazama tembo, akauliza-uliza pale njia panda mpaka akaelekezwa kwangu. Mume akaachiwa tembo wake. Sisi tukakaa jikoni kutwa nzima, tunachambua mchicha. Alipoingia mlangoni alipiga goti kidogo, mama mzima na nywele zake za mahindi, akasema, "Shikamoo, mama Rehema." Nikacheka mpaka nikalia. Baadaye akiwa ananyonya kidole alichokatwa na kisu changu akasema, "Tekla, bado nakisikia kile chuma." Nikamwambia mimi pia nakisikia, na bado mkono unaniwasha. Watu hudhani hasira hupoa mtu akishapata nyumba na mume na kazi ya ualimu. Yangu haijapoa. Ila nimegundua kitu kinachonichanganya: kila nikiikumbuka hasira ile nakumbuka na furaha, na siwezi kuvitenganisha, kama huwezi kuitoa chumvi kwenye mboga iliyokwisha kuiva.

Shule yenyewe ilikuwa katika nyumba za meneja wa zamani wa shamba la mkonge, kati ya Kilosa na Kimamba. Mashamba yalipotaifishwa meneja aliondoka, zikabaki nyumba zenye dari za mbao na mabafu makubwa yasiyo na maji. Watu wa Magomeni ya pale Kilosa waliiita Shule ya Mataifa. Walikuwamo watoto wa wahandisi wa bwawa na wa barabara, watoto wa madaktari, watoto wa wakimbizi wa kusini kama Nomsa, ambaye hakujua kwao atarudi lini na hakupenda kuulizwa, na Watanzania wachache tulioingizwa kusoma kidato cha tano na cha sita. Asubuhi tulikuwa tunasoma, alasiri tunalima, maana siasa ya kujitegemea haikumwacha mtu, hata mtoto wa mhandisi. Nimemwona mtoto wa daktari akishika jembe kama anashika nyoka. Mwisho wa muhula alikuwa akitukana magugu kwa Kiswahili safi.

Mimi niliingia pale na mtoto. Naliandika hili wazi kwa sababu enzi zile msichana akishika mimba, masomo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne vizuri, nikazaa, na kila mlango niliogonga ulifungwa kabla sijamaliza salamu. Bwana Taratibu peke yake ndiye aliyenisikiliza. Alichukua kitabu cha kanuni za shule akakisoma chote mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama, Rehema ananyonya. Akakifunga akasema, "Kanuni zetu hazisemi neno lolote juu ya mtoto. Basi karibuni wote wawili." Nataka hili likumbukwe, kwa sababu nitakayoyasema mbele yanamhusu mtu huyu huyu.

Chumba namba nne kilikuwa na vitanda vitatu, dirisha moja la wavu, na sanduku la mbao lililoleta vipuri vya mitambo ya baba yake Birgit. Sanduku lile ndilo likawa kitanda cha Rehema. Ubavuni lilipigwa chapa ya bilauri, ishara ya kitu kinachovunjika, na kwa hiyo shule nzima ikamwita mwanangu Kioo. "Kioo ameamkaje?" "Kioo amechafua shuka la Nomsa." Birgit alijifunza kufunga nepi kabla hajajifunza kusonga ugali. Nomsa alimwimbia kwa lugha ya kwao, nyimbo nzito za chini kwa chini, na mtoto alilala kwake upesi kuliko kwangu, jambo lililonitia wivu. Ni Nomsa pia aliyetoa amri kwamba Birgit aniamkie. "Kwetu mwanamke aliyezaa hasalimiwi 'hujambo'," alimwambia. "Na hapa wana salamu kamili. Itoe." Birgit alikuwa mkubwa kwangu kwa miezi, lakini kila asubuhi akiwa bado na tongotongo alisema shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya kibibi, tukaanza siku.

Chakula! Jumanne tulipewa makaroni yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa. Uji wa shayiri ulikuwa kama gundi ya kubandikia matangazo. Lakini Ijumaa wapishi waliachiwa jiko wapike wanavyojua, tukapata ugali na mlenda na samaki wa kukaushwa, na hapo ndipo uliposikia lugha zote za dunia zikinyamaza. Wapishi waliniwekea uji wa ulezi wenye karanga kwa ajili ya maziwa, pembeni, wamefunika sahani, na hawakuwahi kusema kitu. Mchana nikiwa darasani Rehema alikaa na Mama Mwanaidi, mpiga pasi wa shule, katika chumba chake cha kupigia pasi, na kila kipindi kikiisha nilikimbia kumnyonyesha kati ya mashuka ya moto. Nguo zangu zilinuka mkaa na maziwa mwaka mzima. Nilizisoma seli na mishipa ya damu hivyo hivyo, kitabu kimeegeshwa kwenye kikapu cha nguo chafu.

Ukuta wa chumba chetu ulipakana na baraza ya walimu, na juu ulikuwa na matundu ya hewa. Tulisikia kila kitu. Tulijua mwalimu gani anadaiwa barua na mchumba wake, na nani ameshindwa kula papai. Usiku mmoja, mtihani ukiwa umekaribia, nikamsikia Mkuu. "Amekonda. Juzi alisinzia maabara, nusura aunguze nyusi. Ni binti mwenye akili sana. Nitajilaumu akianguka." Karani akajibu, "Kwani yule mtoto hana ndugu, Mkuu? Waitwe ndugu wamsaidie." Mimi nilitabasamu gizani. Nilidhani wanataka kumwita mjomba wangu.

Kwetu Vidunda mtoto ni wa ukoo wa mama. Ndivyo ilivyo, hata kanisa lilipokuja halikubadilisha hilo. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anaweza kulima mpaka mgongo ukapinda, lakini mwenye neno juu ya mtoto ni kaka yake mama. Mjomba Lukasi ndiye aliyenipeleka shule, ndiye aliyenisemea nilipozaa, na Jumapili za wageni ndiye aliyeshuka mlimani na kupanda lori akiwa na mkungu wa ndizi na maharage. Mara ya kwanza Mkuu alimkaribisha kwa mikono miwili, akamuuliza, "Wewe ndiye baba?"

"Mimi ndiye mjomba."

"Ahaa. Na mzazi atakuja?"

Mjomba akageuka kunitazama. "Mpwa wangu, mtu huyu ananitafuta nami nimesimama mbele yake."

Wazazi walikula bwaloni, kwenye vitambaa vyeupe. Mjomba aliandikwa mgeni, akapewa chai kwenye benchi la nje. Hakukasirika. Aliinywa chai akasema kule bwaloni wamewafungia watu ndani kama kuku wa mayai, yeye hapa anapata upepo. Tulicheka. Ningejua kwamba benchi lile lingekuja kunigharimu mtoto, nisingecheka.

Maana walichofanya ni hiki. Karani, kwao mtoto hufuata baba, na kwa Mkuu jina la baba ndilo jina la mtu. Wote wawili walikaa wakafikiri kwa huruma namna ya kunisaidia, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Wakatuma mtu kwa baiskeli mpaka Kimamba, kwa mama yake Damiani. Damiani ndiye baba wa Rehema, mtoto wa watu waliokuja zamani kutoka mbali kukata mkonge. Wakati huo alikuwa jeshini, Jeshi la Kujenga Taifa, na hatukuwa na ugomvi wala ndoa. Mama yake akaja mbio na kanga mpya. Mimi nilikuwa kwenye jaribio la baiolojia. Nilipotoka nikalikuta sanduku tupu, na Mama Mwanaidi amekaa chini, pasi inapoa kando yake. "Wamesema ni amri ya Mkuu," aliniambia. "Nimewauliza mama mtu anajua? Wakaniambia ni furaha yake."

Nilipomaliza kugonga reli ile na kila mtu amenizunguka, Birgit hakuuliza swali. Alileta baiskeli yake. "Panda," akasema. Akanibeba nyuma mpaka Kimamba, jua la utosi, anahema kama treni ya mizigo. Tulipoingia pale sokoni watu waliacha kuuza. Mzungu anakanyaga, Mwafrika amekaa! Mzee mmoja alivua kofia akapaza sauti, "Jamani, Uhuru umefika Kimamba!" Mwingine akajibu, "Mama, ukimaliza kumtumia niazime, nina magunia!" Birgit akasema, "Shikamoo, mzee, leo sina nafasi," na kicheko kilichotoka pale kilitusindikiza mpaka mlangoni pa Mama Damiani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza kilio cha mtoto, na sikukisikia.

Alikuwa amelala, tumbo limejaa uji. Mama Damiani alikuwa na wembe na bakuli la maji kando yake. Alitaka kumnyoa nywele na kumpa jina la ukoo wao. Aliniona, akaiona blauzi yangu, akanyanyuka.

"Mwanangu, mbona hivi? Si ulisema umeelemewa?"

"Nilimwambia nani?"

"Mjumbe wa shule amesema mama anaomba tumpokee mtoto."

"Mimi sijaomba, mama. Nimetoka chumba cha mtihani nikakuta sanduku tupu."

Alikaa chini taratibu, akaushika wembe akaukunja. Nilimchukua Rehema nikamnyonyesha pale pale sakafuni, na Mama Damiani akaangalia ukutani mpaka tulipomaliza. Kisha akasema neno la haki, japo lilinikata. "Sikunyang'anyi. Lakini nimemshika mjukuu wangu leo kwa mara ya kwanza, na nimepewa mbele ya watu. Siwezi kumrudisha kama ungo wa kuazima. Aje mwenye neno wa kwenu, tuongee."

Basi nikakaa Kimamba. Nilimtuma Birgit arudi na anitafutie dereva wa lori la Kidodi, chini ya mlima wetu, wa kupeleka habari kwa Mjomba. Nilikosa jaribio la kemia na la hesabu. Nililala kwenye mkeka wa Mama Damiani, tukasaga mahindi pamoja, na kwa shingo upande nikaanza kumpenda. Alinionyesha picha ya Damiani na sare zake. Alinifundisha kumkanda mtoto miguu kwa mafuta ya mbarika. Jioni alisema, "Wewe una kiburi." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Akasema, "Vizuri. Mtoto wa kike anahitaji mama wa hivyo."

Mjomba Lukasi alifika na jogoo kwapani. Aliamkiana na Mama Damiani kwa kirefu, kama watu wasio na haraka, wakaulizana mvua, panya wa shambani, na bei ya chumvi. Ndipo Mama Damiani akasema, "Shemeji, sisi hatukuiba. Tulipewa."

"Najua mmepewa," Mjomba akasema. "Ila aliyewapa alitoa kisicho chake. Mtu akikupa ng'ombe wa jirani, utamshukuru, lakini ng'ombe atarudi."

Mama Damiani akacheka kidogo. "Na mimi nitarudi wapi?"

"Wewe utakuwa bibi. Milango yote miwili utapita." Akamkabidhi jogoo. "Huyu ni wa machozi uliyomlilia mtoto wetu. Usimrudishe."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, bila hakimu. Mpaka leo Mama Damiani huja Mikumi kila baada ya mavuno, na Rehema humkimbilia kabla hajashuka garini. Lakini shuleni haikuwa imekwisha. Niliporudi na mtoto mgongoni na Mjomba mbele yangu, nilikuta nimeandikiwa: nimegonga kengele ya hatari bila moto, nimetoka shule bila ruhusa, nimekosa majaribio mawili. Nirudi nyumbani mpaka Bodi ya shule ikutane, na Bodi ndiyo itakayosema kama nitafanya mtihani wa taifa. Mkuu aliyasoma hayo kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Nimekosea juu ya mtoto, Tekla. Sikujua desturi yenu. Ukiomba radhi kwa kengele, nitakutetea."

Nilimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, cha ndani safari hii, kofia magotini. Akasema, "Mpwa wangu, mtu haombi radhi kwa kulia alipokanyagwa. Wewe umesoma. Shtaki."

"Mjomba, nimshtaki huyu? Ndiye aliyenipokea."

"Ndiyo umshtaki kwa heshima."

Mkuu akasikia yote, maana Kiswahili chake, nimesema, kilikuwa kimenyooka. Uso ulimwiva. Akainuka, nikadhani anatufukuza. Alikwenda kabatini akachukua karatasi akaniwekea mezani. "Malalamiko huandikwa kwa Mwenyekiti," akasema, "na hupitia kwa Mkuu wa Shule. Ndiyo kanuni. Kaa hapa hapa uandike. Taratibu." Akamwomba Mjomba watoke nje kunipisha, wakaenda kukaa kwenye benchi la wageni, na kupitia dirishani nilimsikia akimuuliza, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza, kwao Vidunda baba kazi yake ni nini hasa. Mjomba akamjibu, "Kaa vizuri. Hili ni refu."

Niliandika mara moja, bila kufuta. Nilipomaliza aliingia, akaisoma barua yote amesimama, ikiwa ni pamoja na sehemu inayomtaja. Akachukua mhuri wa shule, akaupulizia kama alivyozoea, akagonga IMEPOKELEWA, akatia sahihi chini yake. Nakala ya kaboni ninayo. Inasema hivi:

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, kupitia kwa Mkuu wa Shule.

Yah: Kutolewa kwa mtoto wangu bila mimi kujua.

Mimi, mwanafunzi wa kidato cha sita, nakaa chumba namba nne, nalalamika rasmi kwamba mwanangu Rehema alitolewa shuleni akapewa watu wengine wakati mimi nafanya jaribio. Waliomtoa walikuwa na nia njema. Waliompokea walikuwa na nia njema. Mtu pekee ambaye hakuulizwa ni mama yake, ambaye alikuwa hatua chache tu, darasani, na anajua kuongea.

Mkuu wa Shule nampenda, na ndiyo maana nimemshtaki kwenu na sikumshtaki polisi.

Kuhusu kengele: kanuni inasema ipigwe mfululizo penye hatari. Palikuwa na hatari. Sitaomba radhi, na ikitokea tena nitaipiga tena.

Naomba iandikwe katika kanuni, ambazo mpaka leo hazisemi neno juu ya mtoto, kwamba mtoto wa mwanafunzi hatatolewa kwa mtu yeyote mpaka mama yake aulizwe uso kwa uso. Naomba iandikwe pia kwamba mjomba akija shuleni kwetu ni mzazi, na atakula bwaloni.

Mtihani nitaufanya. Barua hii naileta mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni, ili Bodi ikitaka kujua kama ana mwenyewe au hana, iinue macho itazame.